Ng'ombe Aliyemwangusha Mama Mkwe

Miaka ile, watu wa karibu na soko la Ekero walipenda kupanda miwa kupita kiasi. Elkanah naye alipanda mpaka mlango wa jikoni. Nyasi zilibaki kando ya njia ya watu tu. Hapo ndipo alipomfunga ng'ombe wake, Malaika. Ndama alimfunga ng'ambo ya njia, kwenye kivuli cha miwa.

Nyumbani Malaika alikuwa mpole sana. Njiani aligeuka simba.

"Jana alimfukuza jirani yetu Patroba," Elkanah alimwambia mkewe, Milcah. "Leo asubuhi amewaacha wanafunzi wapite. Sielewi!"

"Hata mimi sielewi," Milcah alijibu.

Jumamosi, Elkanah alikuwa akimnywesha Malaika maji. Akamwona mama mkwe wake, Navalayo, akija na kuku kwapani. Kwa desturi yao, mtu hapishani na mama mkwe njiani. Elkanah akageuza uso upesi. Navalayo naye akaiacha njia, akaingia upande wa miwa, pale alipolala ndama.

Malaika akakata kamba. Akampiga Navalayo kwa kichwa, mama wa watu akaanguka.

Elkanah alichanganyikiwa. Amwinue? Mkwe hamgusi mama mkwe! Amwache? Atakufa! Akamshika Malaika pembe na kupiga kelele, "Milcah! Kuja haraka! Mama yako!"

Milcah akaja mbio, akamvuta mama yake. Mguu ulikuwa umevimba vibaya.

"Uza huyo ng'ombe," Patroba akasema. "Ako na pepo."

Elkanah akawaza. Akimuuza, mtoto wao atakosa maziwa. Akimweka, ataua mtu.

Kesho yake alikuja Osundwa, afisa wa mifugo.

"Ndama mnamfunganga wapi?" akauliza.

"Hapo kivulini."

"Na mama yake huku. Watu wanapita katikati! Hiyo si pepo. Ng'ombe aliyezaa analinda mtoto wake."

"Mbona aliwaacha wanafunzi wapite?" Elkanah akauliza.

Milcah akashtuka. "Asubuhi ile walipita kabla sijamleta ndama!"

"Umeona? Wawekeni pamoja, ndani ya ua, mbali na njia. Na ukiwa mpita njia, usipite kati ya ng'ombe na ndama. Zunguka mbali, polepole. Usikimbie, wala usimtishe na fimbo. Ukiwa na mbwa na ng'ombe akikufukuza, mwachilie mbwa akimbie; ng'ombe atamfuata yeye, si wewe."

"Mbali na njia ni wapi? Kote ni miwa!" Elkanah akasema.

Osundwa akaitazama miwa. Elkanah akaelewa, na moyo ukamuuma.

Aling'oa sehemu ya miwa, akapanda nyasi, akajenga ua. Majirani walimcheka. "Mtu anang'oa sukari apande majani!" Lakini tangu hapo hakuna aliyefukuzwa tena. Hata Patroba alipita akipiga mluzi.

Navalayo alipopona, alikuja kumwona mjukuu. Alisimama njiani, akatazama mahali palipokuwa na miwa.

"Milcah," akasema kwa sauti kubwa, "mwambie bwana yako hivi. Wakwe wengine wananiheshimu kwa kugeuza uso. Yeye ameniheshimu kwa kung'oa miwa."

Milcah hakuwa na haja ya kumwambia. Elkanah alikuwa ndani ya ua, na alisikia kila neno.