Ufunguo wa Mlinzi wa Ghala

Kila Jumamosi saluni ya mama mmoja ilijaa watu kuliko viti. Wengine walikuja kusukwa, wengine walikuja kusikia nani kahama na nani kaposwa. Binti yake, ambaye saluni nzima ilimwita Mbishi, alizoea kukunja taulo huku masikio yakiwa wazi. Siku hiyo hakukunja hata moja. Kitini alikaa mwalimu wake wa maigizo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima. Mtu wa hali hiyo hawezi kukimbia.

"Mwalimu, tumalize habari ya mlinzi wa ghala," Mbishi alisema.

Wiki nzima walikuwa wakivutana. Katika mchezo wa shule, Mbishi aliigiza mlinzi aliyewafungia wanakijiji chakula wakati wa njaa ili akiuze kwa siri. Mwanawe mwenyewe, aliyekataa kula peke yake, akafa mlangoni pamoja nao. Mwalimu alitaka mlinzi acheke kwa dharau, watazamaji wamzomee. Mbishi alishikilia kwamba huo ni mchezo wa tanzia, unaoishia kwa msiba, na shujaa wake ni huyo huyo mlinzi.

"Shujaa gani anayeua watoto kwa njaa?" Mwalimu aliuliza. "Usipomwigiza ninavyotaka, Jumatatu nafasi yako anaichukua mwenzako."

"Msamehe, Mwalimu," mama alisema, vidole vikiendelea kusuka. "Ubishi kauchukua kwa baba yake."

"Kwa baba yake tu?" mteja mmoja akauliza, na saluni ikacheka.

"Naonyesha mara moja," Mbishi alisema. "Mkicheka, naacha."

Aliufunga mlango wa saluni kwa ufunguo. Nje, mdogo wake, ambaye walikuwa wamepanga pamoja, akagonga.

"Baba, ni mimi. Fungua."

Mbishi hakucheka wala kunguruma. Aliuzungusha ufunguo nusu, akasita. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mtoto akagonga tena, safari hii kwa unyonge. Mbishi akaurudisha ufunguo ulikotoka, akauchomoa, akautia mfukoni.

Vidole vya mama vilikuwa vimesimama.

"Si angefungua tu, jamani," mteja yule yule alisema. "Alibakiza kidogo sana."

"Kwa hiyo tumsamehe?" Mwalimu aliuliza.

"Simwombei msamaha. Ni mwovu, na alifunga kwa mkono wake. Lakini angeweza kufungua, na alijua. Ndiyo maana namwita shujaa wa tanzia. Ukininyang'anya nafasi, sawa. Kwa kicheko sitamwigiza."

"Dada," sauti ikatoka nje, "nimeshakufa au nigonge tena?"

"Mfungulie mdogo wako," Mwalimu alisema baada ya kicheko kupoa. "Na mimi nilikosea. Nilitaka watu wamzomee, warudi makwao wakijiona wasafi. Kumbe mtu haamki tu asubuhi akawa mwovu. Kuna mahali ufunguo unafika nusu, na moyo unamwambia afungue. Kila mmoja wetu hapa ana mlango wake. Afungue mapema, kabla anayegonga hajanyamaza. Jumatatu utasita pale pale."

"Ningesita hata ungenikataza, Mwalimu."

"Najua."

Mama alimgeuza Mwalimu kichwa kwa upole. "Tulia sasa. Upande huu bado."