Kiranja wa Bomba

Kila siku kengele ya saa tisa ikilia tulikimbilia bomba la shule. Visima vya kijiji chetu cha Mogitu vilikuwa vimekauka, kwa hiyo kila mwanafunzi alikuja na dumu la kuchotea maji ya nyumbani. Tuliyapanga madumu kwa foleni, na saa kumi kamili mlinzi alifunga bomba. Mimi sikutaka kurudi na dumu tupu, maana mama alikuwa amejifungua juzi tu, na mtoto mchanga haogeshwi kwa maneno.

Kiranja wa bomba alikuwa Hilary wa darasa la saba, aliyeteuliwa na walimu. Madumu ya rafiki zake yalikuwa kama yana miguu. Ukigeuka kidogo, yako mbele. Siku aliposogeza langu nyuma kwa mara ya tatu, nililirudisha palepale.

"Kornelia, nani kakuruhusu?" aliuliza.

"Na wewe nani alikuchagua?"

Wenzangu wakacheka. Katika somo la uraia, Mwalimu Ludovika alikuwa ametueleza kwamba wapo wanaoamini jamii inaweza kuishi bila mtawala, watu wakikubaliana wenyewe. Maneno hayo yalikuwa yameniingia sana. Nikatangaza kwamba tangu siku hiyo bomba halina kiranja, wenzangu wakaniunga mkono, na Hilary akaondoka.

Siku ya kwanza tulielewana vizuri, nikavimba kichwa. Siku ya pili wavulana wakubwa walikuja na madumu mawili mawili. Siku ya tatu foleni haikuwepo tena, mwenye nguvu ndiye aliyechota. Niligombana na Vicent, mmoja wa wavulana hao, maji yangu yakamwagika, na saa kumi ikatukuta hivyo. Mama hakunigombeza. Alichukua maji ya kupikia akamwogeshea mtoto, sisi tukala viazi vya kuchoma. Niliona aibu kweli.

Kesho yake walimu wakasema Hilary arudi. Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Ludovika, nikamwamkia.

"Mwalimu, nilikosea. Lakini Hilary hatumtaki. Turuhusu tuchague wenyewe."

Aliniuliza nitafanya nini nisipochaguliwa mimi. Nikajibu nitakubali, ingawa moyoni nilijua ushindi ni wangu.

Akaturuhusu. Tulitunga sheria kwanza: kila mtu dumu moja, anayewahi anachota mwanzo, kiranja ni wa mwezi mmoja. Kisha tukapiga kura ya siri. Nilipata kura kumi na mbili. Juliana, msichana mpole wa darasa la tano, alipata arobaini. Iliniuma.

Jumatatu nilichelewa, nikalipenyeza dumu langu katikati. Juliana alilitoa akaliweka mwisho. Nilitaka kulirudisha, lakini nikaliacha. Nikachota wa mwisho, mlinzi akiwa tayari ameshika ufunguo.

Mwalimu Ludovika alikuwa ameona yote.

"Kwa Hilary uligoma," alisema. "Leo mbona umetii?"

"Huyu tulimchagua, na sheria ni yetu. Lakini akianza kupendelea, mwalimu, tutamwondoa, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema."

"Useme," alijibu. "Bila kiongozi, mlitawaliwa na wenye nguvu. Chini ya kiongozi asiyeulizwa, mlitawaliwa na rafiki zake. Sasa mnajitawala, na hiyo ndiyo demokrasia. Ina kazi mbili: kutii sheria mliyoitunga hata inapokuuma, na kumkatalia kiongozi anapoivunja. Ukiacha moja, utatawaliwa tena."

Kisha akanisaidia kujitwika dumu, akaniambia niwahi nyumbani.