Nibu ya Kati

Nibu ya kalamu yake ilianguka mchana, ikatua kwa ncha. Kwenye sakafu ya saruji ilitoa mlio mdogo tu... ting... na Hati akajua imekwisha. Alipoiokota, ncha yake ilikuwa imeachama kama mkasi.

Hati halikuwa jina lake. Walimbandika jina hilo ofisini kwa sababu ya mwandiko wake, uliolala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Alikuwa karani wa kuandikisha vifo. Kila siku mistari thelathini, arobaini, katika daftari kubwa lisiloandikwa kwa bolpeni. Wino wa bolpeni hufifia, na marehemu, kama alivyozoea kusema mzee mkuu wa ofisi, wameshafifia mara moja, inatosha.

Kwa hiyo jioni ile, ofisi ilipofungwa, Hati alipitia kwa fundi kalamu. Kidole gumba kilikuwa kinamuuma tangu wiki iliyopita. Safari hii alitaka kuchagua kwa makini nibu ya kudumu nayo, isiyomchosha mkono.

Duka lilikuwa jembamba kama ujia, limebanwa kati ya mkata vioo na mtu wa fotokopi. Ndani kulinuka kutu na kitambaa kibichi. Fundi alikuwa na kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, na hakukitoa alipoinua kichwa.

"Ya kuandikia nini?"

"Ya kila siku."

"Kila siku," fundi akarudia, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Alimwekea mezani vishikio vitatu, kila kimoja na nibu yake: nyembamba, ya kati, nene. Akasogeza kichupa cha wino wa buluu, kisha daftari la kujaribia. Hati akachovya na kuchora vitanzi, kimoja ndani ya kingine. Ndivyo walivyofanya ofisini. Kalamu mpya hujaribiwa kwa vitanzi, kamwe si kwa jina la mtu aliye hai. Mzee mkuu alimpigia kelele juu ya hilo tangu wiki ya kwanza, na Hati siku zote aliona ni ukaidi wa uzee tu.

Vitanzi vilitoka sawa kwa nibu zote tatu.

Fundi akatikisa kichwa. Alisema vitanzi havionyeshi kitu, kila mkono unajua kuzunguka. Akasogea karibu, na pumzi yake ilikuwa baridi.

"Andika jina. Jina la mtu unayempenda. Hapo mkono hausemi uongo."

Nje mwanga ulikuwa unakwisha. Mkata vioo alikuwa tayari anavuta mlango wake wa chuma. Nyumbani mama alikuwa anasubiri dawa zake. Hati akaona haya kubishana na fundi kwa ajili ya kelele za mzee.

Akaandika.

Kwa nibu nyembamba aliandika jina la mama yake. Kwaru, kwaru, kwaru... Ilikwaruza karatasi, ikaruka herufi mbili, ikakauka katikati. Kwa nibu nene aliandika jina lake mwenyewe. Wino ulimwagika kama uliokuwa umefungiwa, matumbo ya herufi yakazibika, na masikio yake yakawa mazito ghafla, kama mtu aliyezama kisimani. Akatikisa kichwa. Uzito ukaondoka.

Kwa nibu ya kati aliandika jina la mdogo wake.

Loo. Iliteleza. Haikukwaruza, haikumwaga. Ilikwenda mbele ya mkono wake, kana kwamba jina lile lilikuwa limelala ndani ya karatasi na nibu inalifunua tu. Kidole gumba kikaacha kuuma.

"Hii," alisema.

"Una hakika?"

"Hii ndiyo."

Fundi akazichukua zile mbili, akaziosha kwenye bakuli, akazipangusa. Alipokuwa akiifunga ya tatu kwenye kalamu yake, Hati alifunuafunua daftari la kujaribia. Kurasa zote zilikuwa majina. Miandiko ya watu mbalimbali, majina mawili mawili, matatu matatu. Na kila ukurasa ulikuwa na jina moja lililokolea kuliko mengine.

Fundi alilifunga daftari taratibu, kidole cha Hati kikiwa bado ndani.

*

Nyumbani, mdogo wake alikuwa kwenye cherehani. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Aliona jinsi dada yake alivyoishika kalamu, akauliza kama ameinunua au wamechumbiana. Mama akacheka hadi akakohoa. Hati akampa dawa, akampigapiga mgongo, mambo yakawa ya kawaida.

Kisha Sindano akasema, huku akikata uzi kwa meno, "Dada, ulikuwa unaniitia nini jioni halafu ukajificha?"

"Nilikuita saa ngapi?"

"Jua linazama. Umesimama nje, unaniita jina langu. Sauti yako kabisa. Nikaitika, nikatoka mpaka mlangoni. Hamna mtu."

Mama naye akasema, kwa utulivu wa mtu anayezungumzia mvua, kwamba hata yeye alisikia akiitwa, ila sauti ilikuwa inakatikakatika kama redio mbovu. Hakuielewa, hivyo hakuitika.

Nibu nyembamba ilikwaruza. Ikaruka herufi mbili.

Hati alikumbuka ule uzito wa masikioni. Maji. Na ndani ya maji yale, sasa alipofikiri vizuri, palikuwa na mtu anaita...

Alikwenda kufunga mlango. Ulikuwa umefungwa. Akaufunga tena.

Asubuhi Sindano hakuamka kushona. Alisema ni baridi tu. Hati alimshika mikono, ilikuwa kama imetolewa kwenye mtungi. Pembeni mwa kucha zake palikuwa na mstari wa buluu.

"Hebu niachie vidole vyangu," Sindano alinong'ona, akijaribu kucheka. "Ndivyo ninavyofanyia kazi."

*

Kazini Hati aliandika kama anayekimbizwa. Nibu iliteleza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mwandiko haukuwahi kuwa mzuri hivyo, na kidole hakikuuma hata chembe. Mbele yake alikuwa ameketi mwanamume aliyefiwa na baba mkwe, anatamka jina la marehemu kwa sauti ya chini. Hati akalisikia vizuri. Akalirudia vizuri. Akashusha macho kwenye safu ya jina...

Mkono ulikuwa umeshamaliza.

Haukuwa umeandika baba mkwe wa mtu. Ulikuwa umeandika jina la mdogo wake, kamili, pamoja na la baba yao.

Daftari la vifo halifutwi. Ukikosea, unakata mstari juu ya jina, unatia sahihi pembeni. Alishafanya hivyo mara nyingi. Sasa aliinua kalamu, akaona anachotaka kufanya: kukata jina la mdogo wake, kwa nibu ile ile.

Kalamu ilibaki hewani.

Mzee mkuu alikuja bila kuitwa. Alimwomba yule mwanamume asubiri nje kidogo. Akasoma mstari. Akaitazama nibu muda mrefu, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo, kama asiyetaka hata kivuli chake kiiguse.

"Uliijaribu kwa jina?"

Hati akaitikia kwa kichwa.

Mzee hakumkaripia, na hilo lilimtisha Hati kuliko kelele zote. Alisimulia kwa sauti ya chini. Zamani, kwenye kiti kile kile, alikaa karani mwingine, kijana mcheshi, aliyependa sana kalamu nzuri. Alijaribu moja kwa jina la mke wake. Ikamkaa mkononi. Alipokosea kama alivyokosea Hati, akakata mstari haraka haraka, akatia sahihi. Mzee hakusema mke alifikwa na nini. Alisema tu kwamba mstari ule ungalipo, katika daftari la rafu ya juu, na wino wake haujawahi kufifia.

"Usikate. Na usijaze tarehe," alisema. "Uache hivyo hivyo, haujakamilika. Nenda kwa aliyekuuzia."

*

Fundi alikuwa palepale, kioo chake jichoni, kana kwamba hakuinuka tangu jana. Alisema nibu ikishauzoea mkono hairudishwi. Hakusema kwa ubaya. Alilifungua daftari la kujaribia na kumgeuzia.

Jina la mama lilikuwa limepauka, karibu halionekani. Jina lake mwenyewe, hivyo hivyo. La Sindano lilikuwa linang'aa. Hati aligusa herufi ya mwisho kwa ncha ya kidole.

Bichi.

Lilikuwa limelala usiku mzima na kushinda mchana mzima, na wino ulikuwa bado mbichi.

"Nifanye nini?" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Umeniambia ya kila siku," fundi alinong'ona. "Nayo inataka jina la kila siku. Ikipata jingine likateleza vile vile, hili litakauka."

"Jina la nani?"

Fundi akainua mabega. Akasema makarani wa vifo wana majina mengi kuliko watu wote.

Hati aliwaza yule mwanamume aliyefiwa, mkata vioo, mzee mkuu. Kila mmoja alikuwa na jina, na yeye aliyajua. Ilikuwa rahisi mno. Ilimtisha jinsi ilivyokuwa rahisi. Mlango wa chuma wa jirani ulianza kushuka, gwaru-gwaru-gwaru, na mwanga wa jua kwenye ukuta ulikuwa umebaki upana wa kiganja.

Akapiga moyo konde. Akachovya nibu ya kati, akaandika jina lake mwenyewe chini ya la mdogo wake.

Liliteleza.

Jina la Sindano likakauka mbele ya macho yake, herufi baada ya herufi, kama mtu anayevuta shuka. Na nje, barabarani, nyuma ya mgongo wake, kwa sauti ya mama yake, mtu akamwita.

Hati akauma ulimi. Hakuitika.

"Hivyo hivyo," fundi alisema. "Kila siku."

*

Sindano aliamka siku ya pili, akala, akamtania mama, akashona vitambaa vya milango ya jirani. Mstari wa buluu ulikwisha kwenye kucha. Hati alimtazama akila hadi Sindano akauliza kama anahesabu matonge.

Hati alijifunza kuishi nayo. Kila alasiri, kabla jua halijazama, aliandika jina lake mara moja kwenye kipande cha karatasi. Kisha aliitwa. Mara kwa sauti ya mama, mara ya mzee mkuu, mara moja kwa sauti ya baba yao ambaye yeye mwenyewe alimwandika daftarini. Aliuma ulimi kila mara. Ulikuwa na kidonda sasa. Nyumbani walimwona mkimya, hatulii, anakaa na kuinuka, anafunga mlango uliofungwa. Nibu aliificha chini ya mto wake, na hakuivunja. Alishajaribu kuifikiria ikivunjika, akaona tu majina yote yakimwagika kwa pamoja.

Siku ya tisa mama alikabwa na kikohozi kibaya. Hati alikimbilia jikoni kuchemsha maji, kalamu ikiwa mezani, karatasi nyeupe pembeni yake. Alikuwa hajaandika. Alijiambia anarudi sasa hivi. Sufuria ilichelewa. Mama alichelewa kutulia. Dirishani, ukuta wa jirani ulikuwa umegeuka rangi ya kaa linalozimika...

Akatupa kitambaa, akarudi mbio.

Sindano alikuwa amekaa mezani kwake. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Aisee, dada," alisema, akitabasamu. "Kumbe ndiyo maana huniachii. Inateleza hii."

Alikuwa ameijaribu kama kila mtu anavyojaribu kalamu asiyoijua. Alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

Hati alifungua mdomo kusema. Lakini sauti yake ilikuwa imeshatangulia.

Ilitoka nje. Sauti yake mwenyewe, laini, ya dada anayemwita mdogo wake aje amsaidie mzigo. Iliita jina zima. Sindano akautazama mdomo wa dada yake, uliokuwa haujatamka kitu. Tabasamu likamwisha. Na bado, kwa mazoea ya miaka yote, midomo yake ikaanza kufunguka.

Hati alimrukia. Akamziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kichwa kifuani, wakaanguka wote wawili chini ya meza.

Sauti ikaita mara ya pili. Karibu zaidi.

"Usiitike," Hati alimnong'oneza sikioni. "Mdogo wangu, usiitike."

Mara ya tatu iliita ikiwa mlangoni. Kitasa kikatikisika kidogo, kama kinachojaribiwa.

Kisha kimya.

Walikaa hivyo hadi giza likaingia chumbani na mama akaanza kuuliza kwa nini hawawashi taa. Hakuna aliyekuwa ameitika. Hati alikuwa na hakika. Alikuwa amebana kwa nguvu zake zote, hata pumzi haikupita. Ila mara moja, wakati wa ule mwito wa tatu, alihisi kitu chini ya kiganja. Mtikisiko mdogo. Unyevu.

Aliwasha taa. Sindano alikuwa anamtazama, macho makavu.

Hati akageuza kiganja chake.

Katikati palikuwa na alama ya midomo miwili, imefunguka kidogo. Ya buluu.

Aliisugua kwa kidole. Ilikuwa bado mbichi.