Kiu ya Prefe

Prefe alianza kunywa maji mwezi ule ule mabomba ya mtaa yalipokauka, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Clémence wasiwasi, kwa kuwa paka yule hakuwa rafiki wa maji tangu ujana wake. Alikuwa paka wa ndakala, wale dagaa wa ziwani, na maziwa ya unga. Mvua ikinyesha, alinuna kutwa. Walimwita Prefe kwa sababu alipita uani polepole, kichwa juu, kama mkuu wa shule anayetafuta wanafunzi wachelewaji. Sasa alikuwa mzee, manyoya yamekufa rangi, na kila ulipomtazama alikuwa ameinamia bakuli lake. Chap, chap, chap. Alimaliza, akautazama ukuta, kisha akainama tena akaendelea kulamba bati tupu.

"Anakonda," Mama Clémence alimwambia Nadine, mke wa mwanawe. "Anakula sawa vile muntu mwenye alitoka kufungo, na bado anakonda. Shika hapa. Ni mifupa tu."

Nadine hakumshika. "Ni uzee, Mama."

"Uzee haimalizake bidon ya maji."

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya ziwa. Haikujengwa iwe ya mwisho. Zilikuwapo nyingine chini yake, mpaka Tanganyika ilipopanda ikazila moja baada ya nyingine, ukuta, choo na mpapai, ikaja kutulia karibu kabisa na mlango wao wa nyuma. Steve, mwana wa Mama Clémence, alikuwa safarini na boti za Moba. Nyumbani walibaki wanawake wawili, magunia ya ndakala kavu ambayo ndiyo biashara yao, na paka aliyeyalinda magunia hayo maisha yake yote.

Prefe aliletwa na marehemu Papa Edouard, mume wa Mama Clémence, ndani ya mfuko wa koti. Edouard alipokufa watu walikuja matangani, wakalia, wakala, wakaenda zao. Paka ndiye aliyebaki akilala miguuni mwa mjane. Mama Clémence alimpenda, na sioni haya kulisema wazi, hata kama wapo watakaocheka kwamba mama mzima anampenda paka. Wacheke tu.

Asubuhi moja aliona sisimizi wamejipanga kwenye mchanga pale Prefe alipokojoa. Alisimama akawatazama. Sisimizi wakifuata mkojo, ni sukari. Hilo wazee wa pwani ya ziwa walilijua kabla ya mashine yoyote. Mama yake mzazi aligunduliwa ugonjwa kwa njia hiyo hiyo. Lakini ndugu walisema amelogwa, wakaanza kugombana ni nani aliyemloga, na walipochoka kugombana mama alikuwa ameshazikwa. Mama Clémence hakuwahi kuwasamehe, na hakuwa na nia ya kuanza sasa.

"Mama," Nadine alisema kwa sauti ya chini siku hiyo, "nyumba inanuka."

Ni kweli ilinuka. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, tope lisilojua jua, na juu yake kitu kitamu, kama sukari iliyoungua sufuriani. Harufu ilikuwa nzito zaidi jikoni, kando ya bakuli la paka. Kizingiti cha mlango wa nyuma nacho kilikuwa kimelowa, ingawa mvua haikunyesha.

"Tuite Papa Christophe," Nadine alinong'ona. "Hii haiko kitu ya dokta."

"Kwanza dokta. Mama yangu alikufa tukitafuta muloshi. Nitajua kwanza maladi, ugonjwa wenyewe, njo nitajua adui."

Alimtia Prefe kwenye kitunga chenye kifuniko, akajifunga kitenge kipya kama anayekwenda ubatizoni, akatoka. Daktari wa mifugo aliitwa Bénit, mtu wa mbuzi na ng'ombe. Alifungua kitunga, akacheka, akakifunga.

"Mama, angekuwa mbuzi, ningemupima. Paka anazeeka, anakufa, unatafuta mwingine."

"Na weye, Dokta, siku utazeeka, bibi yako atatafuta mwingine?"

Bénit aliacha kucheka, lakini kipimo cha sukari hakuwa nacho. Mama Clémence akanyanyua kitunga chake na kupanda mpaka kwenye kituo cha afya, ambako muuguzi alikuwa Elysée, kijana aliyezaliwa mtaani kwake. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walinuna walipoona mkia. Yeye aliketi katikati yao, akaweka kitunga mapajani, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakaona heri watazame miguu yao.

"Mama Clémence, hii mashine ni ya watu," Elysée alisema zamu ya mama ilipofika.

"Damu yake ni nyekundu sawa yako. Toboa."

Elysée alichungulia mlangoni, akarudi, akatoboa ncha ya sikio. Prefe hakulia. Tone lilinywewa na kikaratasi cha kipimo, mashine ikafikiri, kisha badala ya tarakimu ikaandika neno. Elysée alilisoma mara ya pili.

"Imeshindwa kuhesabu. Iko juu sana. Ni sukari, Mama. Sukari kabisa."

Mama Clémence alifunga macho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana yalikuwa ya furaha. Mtu akishajua jina la ugonjwa, amepata pa kuushika. Elysée aliahidi kumpigia simu rafiki yake wa Lubumbashi anayetibu wanyama, amuulize kiasi cha insulini kinachomfaa paka, na mama akateremka akiimba wimbo wa kanisani, kitunga kichwani.

Alimkuta Nadine ameketi kando ya barabara, mbali na nyumba, bila viatu.

"Mama," Nadine alisema bila kunyanyua sauti, "Prefe iko wapi?"

"Iko humu. Ameonekana maladi yake. Ni sukari."

"Tangu asubuhi ulikuwa naye?"

"Tangu asubuhi. Una nini?"

Nadine alikifunua kitunga kidogo, akaona lile jicho la manjano, akakifunika tena upesi. Akaeleza kwamba alikuwa jikoni akichambua ndakala jua likiwa utosini, akasikia chap, chap, chap nyuma yake, akasema bila kugeuka, Prefe acha maji, na sauti ikaendelea, akasema tena, na sauti ikaendelea lakini sasa nzito zaidi, si ya ulimi mdogo tena bali ya mdomo mpana unaovuta na kumeza na kuvuta, ndipo akakumbuka kwamba Mama ameondoka na kitunga, akageuka huku shingo inamkatalia, akaliona bakuli peke yake sakafuni na maji ndani yake yakishuka, yakishuka taratibu mpaka bati likaonekana, kisha bakuli likasukumwa kuelekea kwake, polepole, likikwaruza saruji, hadi likagusa kidole cha mguu wake.

Mama Clémence alikaa chini kando yake.

"Sasa niambie yenye hukunieleza," alisema.

Nadine alilifinya pindo la kitenge. Mambo yalianza pale mabomba yalipokauka. Mchana mmoja mtu alipiga hodi mlango wa nyuma, akaomba maji. Nadine alikuwa amelala kidogo. Maji hayanyimwi mtu, kwa hiyo alinyoosha kikombe kupitia pazia bila kuangalia, na mkono ukakipokea, ukakirudisha kina maji nusu. Tena huko nyuma hakuna nyumba. Huko ni ziwa tu.

"Na yenye ilibaki?" Mama Clémence aliuliza, ingawa alianza kujua.

Kila mtoto wa pale anafundishwa: maji aliyoacha mgeni humwagwa nje, palepale, mbele yake. Hayarudi ndani.

"Nilikuwa nimechoka, Mama. Bidon nilipandisha mwenyewe toka ziwani. Nilisikia uchungu kuyamwanga." Nadine alijifunika uso. "Nilimimina mu bakuli ya Prefe."

Papa Christophe aliitwa. Huyu ni mzee kutoka Zongwe, mganga: Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani, na siku nyingine anaitwa na hao hao wanaokaa naye benchi hilo, ila kwa mlango wa uani. Alisimama jikoni, akavuta pumzi puani, akashika ukuta kwa kiganja. Ukuta ulikuwa unatoa jasho.

"Kuko mambo tofauti hapa," alisema chinichini. "Paka anagonjwa, ile ni ya Mungu. Na kuko jini mwenye kiu, ile haiko ya Mungu. Wamekutana tu kwenye bakuli. Mugeni hajamaliza maji yake, njo maana hajaondoka. Maji yake iko ndani ya paka."

"Dawa?"

"Mutupe paka mu ziwa."

Bakuli likajikwaruza sakafuni. Hakuna aliyeligusa. Kisha ikaja sauti, kutoka chini, karibu na saruji, sauti ya mtu anayesema na maji mdomoni, ikasema kwa upole kabisa, "Munipatie paka, niende."

Nadine aliminya mkono wa mama mkwe wake mpaka kucha zikaingia. Papa Christophe mwenyewe alirudi nyuma akagonga magunia. Na Mama Clémence aliogopa, aliogopa kabisa, na katikati ya hofu hiyo akahisi uzito wa Prefe mikononi, uzito mdogo wa mifupa na manyoya ambao Edouard aliutoa kwenye koti lake, akawakumbuka ndugu zake waliomzunguka mama yake mgonjwa na kuzungumza kila kitu isipokuwa ugonjwa wake, na hasira ikapanda kutoka nyayoni, ikapita hofu njiani, ikatangulia kufika mdomoni.

"Hapana," alisema.

"Mama, usibishane naye," Papa Christophe alinong'ona.

"Naye njo nabishana. Anataka maji yake? Maji haikalake ndani ya huyu paka. Maladi yake njo ile, anakunywa, anakojoa, anakunywa, anakojoa. Tangu zamani iko inje."

Papa Christophe alimtazama. Alichukua muda kuelewa, na alipoelewa alifunika mdomo kwa kofia.

Mama Clémence alimfungia Prefe chumba cha kuogea pamoja na beseni kavu. Hawakungoja sana. Alitoka na kile kikombe chenyewe, kimejaa mpaka ukingoni, akafungua mlango wa nyuma wazi, jua la mchana likaingia, akakiweka kwenye kizingiti.

"Mugeni," alisema, na sauti yake haikuwa imara lakini ilisikika, "nyumba yangu hainyimake muntu maji. Ulipewa, ukaacha. Yako njo hii. Imepita mu tumbo ya paka wangu, lakini ni yako. Maliza, uende."

Harufu ya tope ikaondoka jikoni ikapita kati yao, baridi, ikilowesha nguo zao, ikasimama mlangoni, kisha kikombe kikainuka hewani, kikainama, na koo lisiloonekana likaanza kumeza, likameza na kumeza mpaka tone la mwisho, likalamba kikombe ndani, likakilamba nje, likanyamaza likifikiri, na kikombe kikawekwa chini kwa adabu, kimepinduliwa. Nyayo pana za maji zikateremka mpaka ziwani.

"Mama Clémence," Papa Christophe alisema, "ile haiko dawa. Ile ni matusi."

"Njo dawa yenye nilikuwa nayo."

Insulini ilipatikana. Elysée alimfundisha namna ya kubana ngozi ya shingo na kuchoma sindano ndogo asubuhi na jioni, na ile chupa ya dawa ilikaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji baridi. Prefe hakurudia ujana, nisiwadanganye. Lakini alinenepa kidogo, akayaacha maji, na siku moja alimkamata panya akampitisha uani kichwa juu. Mtaani walisema mama yule anamchoma paka sindano. Alipowasikia aliwaalika waje watazame.

Yakapita majira ya mvua. Steve alirudi, akaondoka tena. Jioni moja, jua likielekea kuzama, Mama Clémence alikuwa amemkalisha Prefe mapajani na sindano mkononi, hodi ikapigwa mlango wa nyuma.

Nadine aliacha ufagio ukaanguka. Mama Clémence alimpa ishara anyamaze.

"Mama." Sauti ilikuwa imekonda. Maji hayakuwamo tena mdomoni, ilikwaruza. "Nimekunywa muto ya Lukuga. Nimerudi ziwani, nimekunywa. Kiu haiishe. Nakunywa inatoka, nakunywa inatoka. Mama, munieleze. Hii ni maladi gani?"

Mama Clémence alibana ngozi ya shingo, akachoma, akasukuma dawa mpaka mwisho, akamsugua Prefe nyuma ya sikio mpaka akakoroma. Kisha akamweka chini, akaenda mlangoni, akaufungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ziwa tu, na kizingiti kikavu chenye nyufa.

"Ni sukari," alisema. "Haiponake. Inachungwa tu, asubuhi na magaribi, na muntu mwenye kukupenda. Prefe iko na mimi. Weye uko na nani?"

Alingoja jibu, kwa heshima, kama inavyompasa mwenye nyumba kumngoja mgeni amalize kusema. Akafunga mlango.