Kigoda cha Kuogea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Rula alimchotea baba yake maji ya kuoga. Baba alikuwa fundi viatu. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tena, na tangu mama afariki hapakuwa na wa kumshika bafuni. Aliegemea ukuta kwa mkono mmoja, akajimwagia maji kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo mwalimu wa ufundi alipowaambia wanafunzi wabuni kitu kinachohitajika nyumbani kwao, Rula hakuumiza kichwa. Alichora kigoda cha kuogea.

Karakana ilikuwa na msumeno mmoja kwa wanafunzi arobaini. Mashine mpya zilikuwapo, lakini mwaka wa pili sasa zilikuwa zimefungiwa stoo, zikimngoja mkubwa fulani aje kukata utepe. Wakubwa hao! Mtoto ajifunze asijifunze, utepe kwanza.

"Rula, leo foleni imeishinda shingo yako kwa urefu!" mwenzake alimtania. Jina hilo walimpa msichana huyo kwa kuwa alikuwa mrefu na mwembamba.

"Afadhali shingo yangu kuliko meza yako. Inayumba kama mlevi."

Mwalimu alikuwa na sharti moja. Kabla ya kutia gundi, unganisha kazi yako ikiwa kavu, iinue mbele yake, uitikise. Mguu ukichomoka, unakata upya.

Mguu mmoja wa kigoda cha Rula ulikuwa na ulimi, ile ncha inayoingia tunduni, mwembamba mno. Ulicheza ndani ya tundu lake kama jino bovu. Kukata upya kulimaanisha kurudi mwisho wa foleni, na mkuu wa shule alikwisha kuamuru kazi zote ziwe tayari kesho, mkubwa anakuja. Rula akachanganya unga wa mbao na gundi, akaziba pengo, akapiga msasa mpaka pakang'aa.

"Umekitikisa?" mwalimu aliuliza, huku akiitwa ofisini.

"Nimekitikisa, mwalimu."

Akamwekea alama na kuondoka mbio.

Mkubwa hakuja. Kigoda kikaenda nyumbani. Baba alikikalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Leo naoga kama mfalme!"

Akaoga kifalme siku sita. Ya saba, gundi iliyolowa maji kila siku ikaachia. Rula alisikia kishindo, akakimbia. Baba alikuwa sakafuni, mkono wa kulia umebanwa chini ya ubavu, na mguu wa kigoda uko kando yake.

"Usilie, mama," baba alisema, akiuma meno. "Si kosa lako. Mimi ndiye mzito."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

Mkono ulikuwa umevunjika. Kesho yake Rula aliuweka ule mguu wa kigoda mezani kwa mwalimu, akasema yote. Mwalimu aliibandua gundi kwa ukucha.

"Ningeweza kuwalaumu wakubwa," alisema mwishowe, "na kosa lao wanalo. Lakini wewe ulisema umekitikisa, na mimi sikukitazama. Jumamosi njoo. Msumeno utakuwa wako peke yako."

Ilichukua Jumamosi tatu. Safari hii ulimi uliingia tunduni kwa kugongwa nyundo. Wakakitikisa wote wawili, hakikulia.

Jioni hiyo Rula alimweleza baba ukweli. Baba aliutazama mkono wake. Mfupa ulikuwa umeunga upande. Usingesukuma tena sindano kwenye soli. Kazi hiyo sasa ilikuwa ya Rula, kila atokapo shule.

"Na mimi nilikuwa naulaumu mwili wangu," alisema polepole.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Mkono ndio hautarudi."

Asubuhi Rula alipeleka maji bafuni. Akakiinua kigoda, akakitikisa mara tatu, ndipo akamwita baba. Mzee alikaa taratibu, akamshika bega kwa mkono wa kushoto.

"Shika neno hili, mwanangu. Kazi mbovu haimwangushi aliyeifanya. Humwangusha aliyemwamini."