Mkono wa Ezra kwenye Udongo wa Ngaramtoni

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Silantoi alichukua mpira wa kriketi na kwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule yao, kata ya Elerai. Katikati ya uwanja huo palisakafiwa kwa saruji, na juu yake hutandikwa mkeka mgumu wa kamba. Zamani walikwenda wawili. Tangu masika yaanze alikwenda peke yake, kwa sababu kaka yake Ezra aliugua nimonia, akafariki, akazikwa nyuma ya nyumba kando ya migomba.

Ezra ndiye aliyemfundisha kuzungusha mpira kwa vidole. "Rusha taratibu, juu kabisa," alimwambia. "Ukigusa mkeka utaruka na kukata kona. Mpigaji atapiga hewa."

Baada ya mazishi ndugu waligawana nguo za marehemu. Koti likaenda kwa mjomba, viatu vikaenda kwa binamu. Silantoi hakutaka chochote. Alisema moyoni kwamba yeye amebaki na mkono wa kaka yake, yaani namna ile ya kurusha mpira, na huo hataugawa wala kuubadilisha.

Jumamosi moja timu yao ya wasichana ilikwenda Ngaramtoni kucheza na wenyeji. Timu ambayo ingeshindwa ingetolewa mashindanoni. Kule hakukuwa na saruji wala mkeka. Palikuwa na udongo mweusi ulioshindiliwa tu, nao ulikuwa na unyevu wa mvua ya usiku.

Mwalimu Batuli, mwalimu wao wa michezo, aliinama akaubonyeza kwa kidole gumba. "Silantoi, mpira utakwama hapa. Ukirusha taratibu, mpigaji atapata muda wa kukuchagulia pa kuupeleka. Leo ongeza kasi, rusha chini chini, lenga vile vijiti vitatu vilivyo nyuma yake."

"Sawa, Mwalimu," aliitika, lakini nia hiyo hakuwa nayo hata chembe. Mtoto huyu alikuwa mbishi, ingawa ubishi wake ulikuwa na kilio ndani.

Elerai walitangulia kupiga, wakapata mikimbio sitini, yaani alama sitini. Ilipofika zamu ya wenyeji kupiga, Silantoi alirusha juu, taratibu. Mpira ukatua, ukasita kwenye udongo, ukanyanyuka kivivu. Mpigaji, binti mrefu aitwaye Naserian, alirudi nyuma hatua moja, akautandika hadi shambani. Mpira wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ilibidi wautafute kwenye mahindi.

"Silantoi, tunakwisha! Badilisha basi!" alilalamika Zakia, aliyesimama nyuma ya vijiti kudaka mipira.

"Niache. Ndivyo Ezra alivyonifundisha."

Zakia akarudi mahali pake. Nani angebishana na marehemu?

Wakati wa kunywa maji, Mwalimu Batuli alimwita pembeni. "Asubuhi ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mwalimu."

"Sasa mbona hivi?"

Silantoi aliukumbatia mpira. "Nikibadilisha, atakuwa amekwisha kabisa. Nguo zake zote zimegawiwa. Hiki ndicho kilichobaki."

Mwalimu aliketi kwenye majani. "Pole, mwanangu. Mimi nilimfundisha Ezra kabla yeye hajakufundisha wewe. Mara ya kwanza alipocheza hapa alipigwa kuliko ulivyopigwa wewe. Alilia. Mechi iliyofuata akaongeza kasi. Alikufundisha kurusha taratibu kwa sababu mlikuwa kwenye mkeka. Ya udongo angekufundisha baadaye. Hakupata nafasi."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Silantoi kuliko yote.

Aliporudi uwanjani, vidole viliuzungusha mpira kama siku zote, ila mkono ulipita haraka na mpira ukaenda chini. Ukagusa unyevu, ukashika, ukapinda kidogo tu. Naserian alirudi nyuma kama alivyozoea, akachelewa. Kijiti cha kati kikaanguka, naye akatolewa. Waliofuata nao waliondoka mmoja mmoja, na wenyeji wote wakatolewa wakiwa wamepungukiwa mikimbio michache. Elerai walishinda.

Wenzake waliimba na kuruka. Silantoi alikaa pembeni, mpira wenye matope mapajani.

"Mbona huimbi?" Mwalimu Batuli alimuuliza.

"Mwalimu, Ezra hajawahi kuniona nikirusha hivi. Nimerusha bila yeye."

Mwalimu hakukataa. "Ni kweli hajakuona, na mengi mengine hatayaona. Inauma, na sitakudanganya kwamba kesho itaacha kuuma. Lakini elewa jambo moja. Tunafundishwa ili tuweze kufanya kazi popote tutakapokuwa. Mahali pakiwa tofauti, pachunguze kwanza, sikiliza wanaopajua, kisha jirekebishe. Kufanya hivyo si kumsahau aliyekufundisha. Hata yeye alifanya hivyo hivyo."

Silantoi alitikisa kichwa kukubali. Halafu akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Zakia aliacha kuimba, akaja kukaa karibu naye, na timu nzima ikamsubiri mpaka alipomaliza.