Likizo ya Masikio Mawili

"Hii pamba ni ya nini?"

Msusi alikuwa ameinamia begi la safari la mpenzi wake akitafuta chaja. Badala ya chaja, akaibuka na vipande viwili vya pamba, vimefinyangwa vizuri kabisa kulingana na tundu la sikio.

"Ya kazini hiyo," akajibu Taratibu. Hilo ndilo jina alilobatizwa na manesi wenzake wodini, kwa upole wake wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

"Ya kazini imefikaje kwenye begi la likizo?"

"Si unajua tena... mambo ya kazi."

Msusi akaachana nayo. Furaha ilikuwa imemjaa. Walikuwa sebuleni wanapanga likizo, na tangu waanze kupendana, likizo kwao ni muziki: bendi inapiga wapi, na wao wako huko huko. Wenzake huuliza kama hoteli ina bwawa, yeye huuliza kama jukwaa liko karibu. Mwaka huu alikuwa amepata tamasha la mji wa mbali, bendi mchana na usiku.

"Mpenzi, tukae mbele kabisa, pale kwenye maspika!"

"Mbele... kabisa?"

Simu ya Taratibu ikaita. Alikuwa dada yake. Msusi akaidaka, akaiweka sauti ya nje.

"Wifi yangu, za huko? Mwaka huu mnakwenda kupumzika wapi?"

"Kwenye tamasha, wifi! Si unamjua mdogo wako, bila muziki haishi."

Wifi akaangua kicheko.

"Nani? Huyu huyu? Aliyejifungia chooni harusi yangu nzima akikimbia maspika? Wifi, umemroga au amekuroga?"

Msusi akakata simu. Akaitazama pamba. Akamtazama mwenye pamba.

"Siku ya kwanza, ulipomleta mama yako saluni kusukwa, nilikuuliza kama unapenda muziki. Ulinijibuje?"

"Nilisema... uko kwenye damu."

"Kumbe uko kwenye damu, masikioni ndiyo haujafika!"

"Nisikilize basi, mpenzi..."

"Nikusikilize? Mimi nimekusikiliza siku zote. Wewe ndiye uliyejitia pamba!"

Akabeba mkoba wake, mlango ukalia pa! Njia nzima alilia, na wala si muziki uliomliza. Jambo moja lilimkaba: kama lile lilikuwa uongo, na "nakupenda" je?

Kesho yake, akiwa saluni anasuka, ujumbe ukaingia:

"Samahani. Siku ile ulikuwa unasuka huku unaimba, nikaogopa nikisema ukweli hutaniangalia tena. Kelele zinanipasua kichwa, kweli. Ila sijawahi kuchoka kukutazama ukicheza. Na asubuhi yake, sauti imekukauka, tunakunywa chai na wewe unaniimbia nyimbo zote upya... hiyo ndiyo likizo yangu. Hapo sijawahi kuziba sikio."

Msusi akasoma, akasonya. Akasoma tena. Safari hii hakusonya.

Mteja kwenye kiti alikuwa ameshachungulia. "Dada, huyo ukimwacha mimi namwokota."

"Inamisha kichwa huko, nisije nikakusuka upande mmoja!"

Kabla hajajibu ujumbe, mwenyewe akatokea mlangoni, bado na sare ya kazi. Ndani mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinanguruma, redio nayo haitaki kushindwa. Taratibu akakunja uso, lakini akaingia.

"Tuzungumze nje," akasema.

"Sikusikii!"

"Nimesema tutoke nje!"

"Sitoki! Leo masikioni umeweka nini?"

"Sijaweka kitu!"

"Haya, sema hapa hapa."

Midomo yake ikacheza, sauti ikamezwa na mashine.

"Eti?"

Maskini, mtu ambaye hajawahi kumfokea hata paka. Akavuta pumzi, akapasua koo. Na Msusi, kwa utundu tu, akanyoosha mkono akazima swichi kuu ya ukutani, mashine na redio vikakatika.

"NATAKA NIKUOE!"

Sauti ikajaa saluni nzima. Mpaka muuza duka wa jirani akachomoza kichwa dirishani.

"Unanioa kwa sababu umefumaniwa?" akauliza Msusi, machozi yakimlenga.

"Nakuoa kwa sababu nimechoka kukupenda kwa kujificha."

"Na tamasha?"

"Twende. Wewe kaa mbele ucheze mpaka uchoke. Mimi nitakaa nyuma kule, kwa wauza maji. Ila usiniulize tena kama wimbo ulikuwa mzuri."

"Nitakuuliza asubuhi, nikishakuimbia mwenyewe."

"Hapo nitakujibu kweli tupu. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nimekubali, bwana wee! Ila ukinidanganya tena, utanitambua!"

Hapo saluni ikalipuka. Vigelegele, makofi, mmoja anapiga beseni, mwingine kawasha swichi na kuifungulia redio mpaka mwisho. Taratibu akafumba macho, akataka kuziba masikio kwa viganja, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikwa, na aliyeishika hakuwa na mpango wa kuiachia.